Kromu, stenlesi au alumini ya kung'arishwa: ipi ifungwe kwenye usukani wa piki ya Malindi

Leva, vioo na vifuniko vinavyoning'inia kwenye maduka ya spea mjini Malindi vyote vinang'aa sawa vikiwa bado ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa macho huwezi kujua kipi ni chuma kilichochovywa kromu, kipi ni zinki iliyochovywa kromu, kipi ni alumini iliyosuguliwa tu na kipi ni stenlesi. Bahari ikichafuka wakati wa kusi ndipo kila kimoja kinapojitaja jina lake, na wakati huo pesa ishatoka mfukoni.

Ulinganisho huu ni wa piki tunazoziona kila siku hapa, Boxer, TVS na nyinginezo za cc 100 hadi 150, ambazo usukani wake ni bomba la milimita 22. Mwenye piki kubwa ya usukani wa milimita 25.4 atakuta mengi yanamhusu pia, ila asinunue vishikio vya leva vya 22 akitarajia fundi avipanue. Havipanuliwi, vinapasuka.

Tuseme msimamo wetu mapema, kisha tuutetee: kromu iende kwenye vioo na vitu vinavyofunika tu, leva ziwe za alumini ya kung'arishwa, na bolti ndogondogo ziwe za stenlesi. Mtu anayebadilisha kila kitu kuwa kromu kwa mkupuo mmoja hapa Pwani anajinunulia kazi ya kusugua kutu kila wiki.

Kilicho chini ya mng'aro

Kromu ya mapambo ni ngozi nyembamba mno, kwa kawaida haifiki hata maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Inatoa rangi na ugumu wa kutokwaruzika, basi. Anayezuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake, na katika kazi nzuri nikeli hiyo huwa kati ya maikroni 20 na 40, wakati mwingine juu ya tabaka la shaba nyekundu. Kromu yenyewe ina nyufa na vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji ya chumvi hupita humo. Kama nikeli ni nyembamba, chumvi inakifikia chuma, kutu inaanzia chini na kuisukuma kromu juu. Ndiyo maana unaona kwanza vidoa vya kahawia vidogo kama ncha ya sindano, huku kromu iliyobaki ikiwa bado inang'aa. Vile vidoa si uchafu wa juu. Ni milango ambayo tayari imefunguka.

Chuma chenye kromu kina sifa moja nzuri: ni kigumu. Kikipata kutu ya juu bado kitafanya kazi kwa muda. Zinki iliyochovywa kromu ni habari nyingine. Inamiminwa kwenye kalibu kwa urahisi, ndiyo sababu leva nyingi za bei ya chini na vifuniko vingi vya mapambo hutengenezwa kwa zinki. Penye chumvi inaota malengelenge, kisha unga mweupe. Tena zinki ni ngumu isiyopindika: piki ikilala upande, leva ya alumini mara nyingi itakunjika na utafika nyumbani, ila ya zinki itakatika pale kwenye ekseli yake, yaani bolti inayoizungukia.

Alumini iliyochovywa kromu wengi huidhani ni bora ya zote. Nikeli na alumini hazipatani zikilowa maji ya chumvi. Pakipatikana mchubuko mmoja uliofika ndani, alumini ndiyo inayoliwa, na inaliwa chini kwa chini mpaka kromu inabanduka vipande vyenye makali ya kukata kidole. Kitu hicho hicho kikiachwa bila kromu yoyote, yaani alumini tupu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, kinafifia na kutoa weupe, lakini hakina ngozi ya kubanduka. Unakirudisha kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia chuma muda wowote utakao.

Kuna pia alumini iliyotiwa rangi kwa umeme, ile nyekundu, buluu au dhahabu. Inastahimili chumvi vizuri kuliko alumini tupu. Adui yake hapa ni jua: nyekundu hupauka. Ukiipenda, chukua nyeusi au ya kijivu.

Stenlesi ya gredi 304 ndiyo iliyojaa madukani, na karibu na bahari hupata madoa ya kahawia ya juujuu ambayo yanafutika. Gredi 316 imeongezwa molibdenamu, kati ya asilimia 2 na 3, na ndiyo inayotumika kwenye vyombo vya baharini. Wauzaji wa vifaa vya mashua huwa na bolti zake, na kwa usukani mzima unahitaji chache tu.

Plastiki iliyochovywa kromu inadharauliwa bila haki. Haina chuma cha kuota kutu. Kwa kifuniko cha swichi au pete ya taa ya mbele, itakaa hapa kuliko chuma chenye kromu hafifu. Usiifunge tu mahali penye kubeba nguvu, na usiikaze mpaka ikalia.

Vipimo vya dukani

Beba sumaku ndogo. Ikinasa kwa nguvu, ndani ni chuma. Isiponasa, ndani ni zinki, alumini, plastiki au stenlesi, na hapo mkono wako ndio mizani. Alumini ni nyepesi, na zinki ya ukubwa uleule ina uzito wa zaidi ya mara mbili yake. Stenlesi nayo ni nzito, ila leva za stenlesi ni nadra, kwa hiyo leva nzito isiyonasa sumaku ichukulie kuwa ni zinki. Bolti ya stenlesi inaweza kuvutwa kidogo na sumaku kwa sababu ya kukunjwa na kushindiliwa kiwandani. Mvuto hafifu usikutishe.

Kisha geuza kitu tazama pasipoonekana: ndani ya tundu la ekseli, mgongoni, kwenye kona za ndani. Mtengenezaji anayebana matumizi hung'arisha uso tu. Ukiona ndani ya tundu rangi ya kijivu isiyo na kromu wala nikeli, kutu itaanzia hapo, na hapo ndipo huwezi kusugua. Muulize muuzaji bila haya: "Kaka, hii ndani ni alumini au zinki?" Anayejua bidhaa yake atakujibu mara moja.

Leva ya klachi: vipimo vinashinda mng'aro

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa sababu leva mbili zinaweza kufanana umbo lote na bado moja isifanye kazi. Weka ya zamani na mpya juu ya meza, tundu juu ya tundu, ulinganishe unene wa leva pale inapoingia kwenye kishikio, upana wa tundu la ekseli, umbali kutoka tundu hilo hadi mahali kichwa cha kebo kinapokaa, na ile nundu ndogo inayobonyeza swichi.

Umbali wa kebo ndio mkuu. Kichwa cha kebo kikikaa mbali zaidi na ekseli kuliko zamani, leva itavuta kebo ndefu zaidi, klachi itaachia mapema lakini mkono utachoka, hasa kwa mwenye kubeba abiria siku nzima. Kikikaa karibu zaidi, leva itakuwa laini na utaifurahia dukani. Barabarani klachi haitaachia yote: gia ya kwanza itaingia kwa kishindo, fri, yaani hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote, itakuwa ngumu kupatikana piki ikiwa imesimama, na sahani za klachi zitaungua kidogo kidogo. Tofauti ya milimita mbili inatosha kuleta hayo. Kama haziko sawa, rudisha dukani. Kukaza kebo hakutaliponya.

Kazi yenyewe haimalizi nusu saa. Legeza kwanza kirekebishi cha kebo kilicho chini karibu na injini, kisha kile cha kwenye leva, mpaka mipasuko ya kirekebishi, nati yake na leva ikae mstari mmoja. Vuta kebo itoke kupitia mpasuko huo. Fungua nati iliyo chini ya ekseli ya leva, mara nyingi kwa spana namba 10, kisha bolti ya juu, na leva itatoka. Futa uchafu wa zamani, paka grisi kidogo kwenye ekseli na kwenye kichwa cha kebo. Kwenye swichi usipake chochote.

Ukirudisha, kaza bolti ya juu kwanza huku ukichezesha leva. Lazima irudi huru bila kusaidiwa. Ikigoma, bolti imebana kishikio au leva ni nene mno. Leva ikiwa huru, ishikilie bolti isizunguke, ndipo ukaze nati ya chini. Mwisho rekebisha kebo mpaka ncha ya leva icheze kati ya milimita 10 na 20 kabla ya kuhisi uzito. Chini ya hapo klachi itateleza ukipanda mlima. Juu ya hapo haitaachia.

Kisha washa injini ikiwa fri, geuza usukani wote kushoto, halafu wote kulia. Mlio wa injini ukipanda, kuna kebo ya aksereta iliyobanwa au kuvutwa. Usitoke kabla hujaipata.

Leva ya breki

Kwa breki ya ngoma mbele, mambo ni karibu na ya klachi, ila mchezo wa ncha ya leva uwe milimita 20 hadi 30, na taa ya breki ijaribiwe. Leva nyingi za kromu za kuuziwa jozi hazina nundu ya swichi, au nundu yake ni fupi. Taa isipowaka kabisa, wa nyuma yako hajui umefunga breki. Ikiwaka muda wote, hajui vilevile, na balbu inaungua bure. Egesha piki kinyumenyume karibu na ukuta jioni, bana leva taratibu, utazame mwanga ukutani. Mwanga uje kabla breki haijaanza kushika.

Kwa diski tunasihi uangalifu wa hali ya juu. Leva hiyo inasukuma pistoni ya masta silinda, yaani pampu ya breki iliyo kwenye usukani, na ukiachia lazima pistoni irudi yote ili mafuta ya breki yapate njia ya kurudi kikombeni. Leva mpya ikiwa nene hata kidogo pale inapogusa pistoni, inaisukuma muda wote, njia inabaki imezibwa, mafuta yakipata joto yanatanuka bila pa kwenda, na breki inajibana yenyewe. Mwisho wake ni gurudumu la mbele kukwama ukiwa mwendoni. Kwa hiyo baada ya kufunga lazima uone nafasi ndogo kati ya leva na pistoni. Inua gurudumu la mbele, bana mara kumi, achia, zungusha kwa mkono: lizunguke kama awali. Baada ya safari fupi ambayo hukufunga breki sana, dondoshea diski maji kidogo. Yakichemka papo hapo, breki inaburura. Rudisha leva ya zamani.

Anayetaka masta silinda nzima ya kromu atazame kipenyo cha pistoni, ambacho mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wake: 11, 12.7 au 14. Pistoni nene kuliko ya asili hufanya leva iwe ngumu na breki ikose nguvu, nyembamba hufanya leva ishuke mpaka ikagusa raba ya mkono. Chukua namba ileile. Washa za shaba za bomba la breki ziwe mpya, na hewa itolewe yote.

Kwa kweli, mng'aro mwingi wa upande huu unaupata kwa kubadilisha kifuniko cha kikombe cha mafuta peke yake. Funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu mafuta ya breki yanakula rangi. Skrubu zake ni laini na vichwa huharibika, kwa hiyo tumia bisibisi ya nyota inayojaa kichwa sawasawa, uigonge kidogo kabla ya kuzungusha. Raba ya ndani ikae bila kukunjika. Kifuniko cha zamani kimeandikwa aina ya mafuta, DOT 3 au DOT 4, na cha kromu mara nyingi hakina maandishi yoyote. Andika aina hiyo mahali kabla hujakitupa.

Vioo, raba na bomba la usukani

Vioo ni mahali pazuri pa kromu, maana havibebi mzigo. Pima uzi wa shina, milimita 8 au 10, na ujue kwamba kwenye piki nyingi za Yamaha kioo cha kulia kina uzi wa kinyume. Paka grisi kwenye uzi kabla ya kufunga. Shina la chuma ndani ya kishikio cha alumini bila grisi litagandana, na siku ya kulitoa litatoka na uzi wote. Sheria hiyohiyo ni ya bolti za stenlesi: ndani ya alumini, grisi kila mara.

Raba za mkono za kromu zina tundu mbili tofauti. Ya kushoto hukaa kwenye bomba la milimita 22, ya kulia kwenye mrija wa aksereta ulio mnene zaidi. Acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 kati ya raba ya kulia na kizibo cha mwisho wa usukani, la sivyo aksereta itanasa ikiwa wazi. Mvua ikinyesha, sehemu za chuma tupu zinateleza, na saa saba mchana zinachoma kiganja. Kwa mtu wa kazi, raba nyeusi zenye pete nyembamba ya kromu zinatosha kabisa.

Bomba lenyewe likiwa la kromu, lichunguze kama lina tundu la kijino cha nyumba ya swichi. Wengine hukata kijino hicho ili lifungike haraka, kisha swichi inazunguka pamoja na aksereta. Toboa bomba mahali panapostahili, ondoa vumbi, paka grisi tunduni. Kutu ya bomba huanzia kwenye matundu na ndani ya ncha zake, kwa hiyo mwagia oili ndani kabla ya kufunga vizibo. Usilichomelee wala kulisugua kwa mashine: moshi na vumbi la kromu ni sumu kwa mapafu.

Kuosha ni nusu ya uchaguzi

Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi. Ukiosha piki kwa maji hayo na kuiacha ikauke juani, umeipaka chumvi upya. Suuza mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua, futa kwa kitambaa kikavu, na mara moja kwa mwezi paka nta ya gari kwenye kromu yote pamoja na migongo isiyoonekana. Jiki na dawa ya choo zisikaribie kabisa, zinaila nikeli. Steeluli nayo hukwaruza na kuacha chembe za chuma zinazoota kutu. Vidoa vya kwanza vya kutu visugue kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa maji, halafu paka nta siku hiyohiyo.

Nani achukue nini

Anayelala na kufanya kazi ufuoni, Silversand, Casuarina, Watamu, au anayekwenda Gongoni na Ngomeni kwenye mashamba ya chumvi, aache kabisa chuma chenye kromu cha bei ya chini. Leva za alumini ya kung'arishwa, bolti za 316, vifuniko vya plastiki ya kromu: hapo atapata mng'aro bila kutu. Wa Ganda au Kakuyuni, ambako hewa ina chumvi pungufu, anaweza kuweka vioo na bomba la kromu akayafurahia kwa muda mrefu, mradi apake nta.

Mwenye piki ya harusi na matembezi, inayolala ndani na kufunikwa, aweke kromu anayoitaka, kwa sharti la vipimo vya leva tulivyoeleza. Mwenye bodaboda aanze na vioo na kifuniko cha mafuta ya breki. Leva abadilishe pale tu ya zamani imekunjika au tundu lake la ekseli limelika.

Kwa wote: leva za asili zisiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Zifunge kwenye kitambaa pamoja na spana namba 10, uziweke chini ya kiti. Ukiangusha piki njia ya Garsen, duka la spea liko mbali na leva ya zamani itaingia palepale bila kupimwa.